Mama Priscah Chepkemboi, Mlinzi wa Makaburi ya Kilimani

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, mambo yaliharibika katika uwanja wa kanisa letu, karibu na Roret. Wakubwa wa serikali na wa kampuni ya chai waliuliza kama tunakubali kilima walipozikwa babu zetu, kabla ya Wazungu kuifukuza jamii yetu miaka tisini iliyopita, kipandwe chai. Wazee wakanyamaza. Katika kokwet, baraza letu la kijiji, mzee asiyekubali hunyamaza, akaenda kulala na lile neno, kikao kikarudiwa siku nyingine. Lakini wale, na masomo yao yote, wakaandika kwamba tumekubali. Ashukuriwe Mungu, alikuwa ameshatuwekea mtu.

Mama Priscah alizaliwa Sosiot mwaka wa 1948, akaolewa kwetu, akawa mjane mapema, akalea watoto kwa kuchuma majani chai na kuuza maziwa. Wito ulimjia pale pale uwanjani. Alisimama akasema, "Wazee hawajakubali. Wamenyamaza."

"Mama, kikao kimeisha. Enda ukunywe soda," mkubwa mmoja akamwambia.

"Soda kunywa wewe. Mimi niko na kiu ya jibu."

Trekta ilipoletwa ilimkuta ameketi kati ya makaburi na akina mama wa kanisa. Dereva, Jackton Ojwang, mtu wa kutoka ziwani, alimsihi: "Mama, toka tafadhali. Mimi nimetumwa tu."

"Ojwang, kwenu matanga ni wiki nzima. Yetu imefika miaka tisini. Tuvumilie, baba."

Jackton alicheka, akazima injini. Wakubwa walipomlazimisha kuiwasha, ilikataa, na fundi wa kampuni hakuona kasoro. Mpaka leo Jackton anaapa hakuigusa.

Kwa sababu ya kuketi pale makaburini Mama alilala rumande mara mbili. Akitoka, alirudi kwenye vikao, Kericho na hata Bomet, akidai kila mzee aulizwe kwa jina lake na angojewe mpaka ajibu. Mwaka wa 2022 wazee na wakubwa wakakubaliana: kilima hakitalimwa, na geti ambalo kampuni ilifungia njia ya kilima litafunguliwa kila Jumapili tuombee wafu wetu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Bwana alimwita kwa amani.

Tunashukuru sana kwa ajili yake. Anayetaka kumfuata ashukuru kama yeye, na aulize kama yeye. Maana siku ile ya mapatano aliwashika mikono wakubwa wote, akawabariki, ndipo akawauliza neno tunaloliuliza mpaka sasa: "Leo mmeturuhusu kuingia, asanteni. Na ninyi, nani aliwaruhusu kufunga?"