Upenyo wa Herufi He

Adrienne hakuwa mtu wa kutulia. Kanisani walimwita Mama Fagio, naye hakukasirika: kilichopinda alikinyoosha, kilichoachwa wazi alikifunga. Lakini juma lile pilikapilika zake zilikuwa za namna nyingine. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa, akabandika chai jikoni akaisahau, akaichungulia simu kama mtu anayechungulia sufuria. Mwili ulikuwa nyumbani, Hallonbergen, kaskazini mwa jiji. Moyo ulikuwa Vårby gård, kusini kabisa, kwa binti yake wa pekee, Ella.

Ella alikuwa amehama mwaka uliopita, akaenda kuishi na Mohamed, kijana Mwislamu, bila ndoa wala baraka ya mtu. Siku ile Adrienne alisimama mbele ya wamama wa maombi akatamka kwamba hana tena mtoto. Hasira hasara. Sasa Ella alikuwa amepiga simu kuuliza kama anaweza kuja nyumbani Jumapili, na mama yake, badala ya kupiga vigelegele, akamwambia alichofundishwa na Mama Olive, kiongozi wa wamama: uje, lakini kwanza upige magoti mbele yetu, utubu. Ndiyo desturi yao. Aliyetoka mbele za watu hurudi mbele za watu. Ella akakata simu, na tangu hapo hakupokea tena.

Ijumaa Adrienne akaenda kazini hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, na wa mwisho siku hiyo alikuwa Aron, mwalimu mstaafu, Myahudi, mkazi wa Södermalm. Waswidi wenzake walimwita Aron tu. Adrienne alimwita Mzee, hata katikati ya Kiswidi, maana kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu kulimwasha ulimi.

Aron alikuwa akikata karatasi ya buluu, anamtengenezea kitukuu chake Alma herufi ya Kiebrania ya kutundika ukutani. Vipande vilikuwa vitatu: paa na miguu miwili. Mikono ilimtetemeka. "Nibandikie, nijilaze kidogo," akasema.

Adrienne akavibandika kwenye karatasi nyeupe, miguu yote ikisimama sawa chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi, haukufika kwenye paa. Maskini, mkasi umemponyoka, akawaza. Akausukuma juu mpaka ukagusana na paa, akakandamiza vizuri kwa kidole gumba. Pengo likaisha.

Mzee alipoamka akaitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Umemfungia mtu nje!"

"Nani?"

"Hii ni he. Wahenga wetu wanasema Mungu aliumba ulimwengu kwa herufi hii. Tazama chini, hakuna sakafu. Anayetaka kutoka, atoke. Mungu hamfungi mtu kamba. Na hapa juu, penye ule mguu ulioufikisha kwenye paa, paliachwa upenyo. Ni wa anayetaka kurudi."

Adrienne, msomaji wa Biblia, hakukubali upesi. "Si arudi pale pale alipotokea? Chini kote ni wazi."

"Wahenga waliuliza vivyo hivyo. Wakajibu: pale hataweza. Mimi nadhani ni aibu, imejaa njia nzima. Anayetaka kurudi husaidiwa, Adrienne. Hufunguliwa pengine, karibu zaidi na juu."

"Na anayefungua ni nani?"

"Aliye ndani. Nani mwingine?"

Gundi ilikuwa bado mbichi. Adrienne aliubandua ule mguu taratibu, akaushusha, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Mzee akajifanya anatafuta miwani.

Njiani kwenda kituo cha Zinkensdamm alimkasirikia Mzee, akamkasirikia Mama Olive, kisha akajikasirikia mwenyewe, na hapo ndipo hasira ilipopata mahali pa kukaa. Alikuwa amemwita mtoto arudi kwa njia ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuipita. Simu ikalia. Ni Mama Olive.

"Mama Ella, Jumapili tutakuja wote, tumejipanga."

"Hapana, Mama Olive. Musikuje."

"Ah! Na toba je?"

"Toba ni ya Mungu. Miye nataka mtoto wangu."

"Kanisa litasema nini?"

"Litasema."

Alishuka ngazi za kituo. Treni ya kumrudisha nyumbani ikaja, ikafungua milango, ikaenda zake. Akahamia ukingo wa pili wa jukwaa, wa treni za kusini, akamtumia Ella ujumbe wa sauti: pokea, mama, nakuomba. Akazunguka nguzo, akasimama, akazunguka tena. Ndipo simu ikaita.

"Uko na nani hapo?" Ella aliuliza kwa Kiswidi, lugha aliyomjibia mama yake tangu aanze shule.

"Niko peke yangu."

"Mama Olive hayupo?"

"Hayupo. Na weye hauji. Miye ndiye nakuja kwako, sasa hivi."

Treni ya kusini ilikuwa ikiingia kituoni.

"Mohamed yuko hapa, mama."

Adrienne hakulipenda hilo, wala hakujua atamsalimia vipi kijana yule. Mlango wa behewa ukafunguka mbele yake.

"Basi mwambie mama mkwe wake anakuja na njaa," akasema, akapanda.

Akasikia Ella akivuta pumzi, akivuta tena, akishindwa kuzuia kilio.

"Kuja, mama," akasema, kwa Kiswahili. "Kuja tu."