Gari la Kuvuta Jiko la Kadidja

Huku Rumonge, harusi ambayo pilau yake haikupikwa na Kadidja husemwa wiki nzima, na si kwa wema. Kutoka Gatete hadi Muhuta amepika mpaka yeye mwenyewe hakumbuki tena ameshiriki kuwaoza wangapi. Lakini mwaka huu jiko lake liliyumba, maana Yudita, msaidizi wake tangu wote wawili wakiwa wasichana, alikuwa amesema basi.

"Miye sipande tena juu ya masufuria nyuma ya gari, dada," alimwambia. "Muguu iko inakataa. Nikishuka kwa ile harusi ya Magara, hata kusimama siwezi. Utafuta mwengine."

Mwingine! Kadidja alicheka kwa hasira. Mwingine atoke wapi? Yudita hujua wali umeiva kwa kuusikiliza tu, huku mikono yake iko kwenye vitunguu. Na Yudita asipokuwepo, Kadidja agombane na nani? Alimpenda yule mwanamke, wala hakuona aibu kulisema.

Ndipo akaamua kununua trela. Wageni waliotengeneza barabara walikuwa wameacha moja kwa Uledi, muuza magari yaliyotumika. Ilikuwa nyumba kamili ya bati jeupe juu ya magurudumu, yenye kitanda, tangi la maji na nafasi ya masufuria yote. Mguu wa Yudita ungepata pa kunyooka kila pilau inapofunikwa. Kuichagua trela hakukuwa na maneno mengi. Kadidja alijilaza kitandani, akajigeuza huku na huku, akasema inatosha.

Kazi ilikuwa gari la kuivuta. Trela hii haifungwi nyuma ya bampa kama zile za kubebea mawese. Shingo yake hupanda juu ya pikapu na kukaa kwenye sahani nene ya chuma, katikati ya bodi ya kubebea mizigo. Uledi alikuwa na pikapu mbili zenye sahani hiyo. Moja ilikuwa nyekundu, inang'aa, ina milango minne. Nyingine ilikuwa ya kijivu, imechoka, mlango mmoja umepakwa rangi kwa brashi, viti viwili tu, lakini bodi yake ndefu.

"Miye nachukua hii ndefu," alisema Asmani, mumewe, aliyewahi kuendesha magari ya samaki. "Iko na nguvu."

"Iko na sura ya matanga," Kadidja alimjibu.

Maana huku kwetu gari la wapishi haliingii harusini kimya kimya. Hufuata msafara likipiga honi, na wapishi wote ndani wakipiga vigelegele. Kwenye ile nyekundu wangeenea watano na mapambo yao. Kadidja alishajiona humo. Mwanamke mwenye akili zake timamu, akachagua gari kama anayechagua kitenge!

Walifunga trela kwenye ile nyekundu ili wajaribu kwanza. Yudita akaitwa, akawekwa kiti cha nyuma, akakaa kama mke wa gavana. Kwenye barabara kuu gari liliteleza vizuri, Asmani mwenyewe akaanza kulisifu. Walipofika kona ya kuingia mtaani kwao, Kadidja alishuka ili aongoze njia, na kusema kweli, ili majirani wamwone. Asmani akakata kona.

Bodi ya ile nyekundu ilikuwa fupi. Gari lilipopinda, bega la trela, ile kona yake ya mbele, lilisogea mbele polepole, moja kwa moja kuelekea kioo kilicho nyuma ya kichwa cha Yudita. Naye Yudita alikuwa akiwapungia watu mkono.

"Simama! Asmani, simama weye!"

Breki zililia. Kati ya bati na kioo isingepita hata sahani ya wali. Kadidja akaketi pale pale barabarani na nguo yake nzuri.

"Nini?" Yudita aliuliza, akitoa kichwa dirishani. "Tumefika?"

Wakarudi kwa Uledi, wakafunga trela kwenye ile ya kijivu, Asmani akaipeleka kwenye kona ile ile, Uledi akifuata nyuma kwa ile nyekundu na wanawake wawili. Ikapinda bila tabu, bega likabaki mbali. Lakini viti vilikuwa viwili, kimoja cha Asmani. Ndani ya trela hapandi mtu ikiwa inatembea. Hilo Asmani alilikataa katakata. Na kiti cha pembeni mwa dereva kina mwenyewe. Hukaa mpishi mkuu, wenye harusi wapate kujua wamsalimie nani kwanza. Miaka yote hiyo Kadidja ndiye aliyekikalia, Yudita akirushwarushwa huko nyuma.

Yudita alikitazama kile kiti, akatabasamu kidogo. "Gari iko muzuri, dada. Mutanisalimia Magara." Akajifunga leso yake vizuri, tayari kwenda nyumbani. Kadidja alijua kwamba akiondoka sasa, harudi tena jikoni kwake.

"Uledi," akasema upesi, "tunachukua hii mbaya."

Siku ya harusi ya Magara, Yudita alikaa mbele, mguu ameunyoosha. Kadidja alipanda basi pamoja na wasichana wa kazi, wakafika baada ya trela. Baba wa bibi harusi alikuwa ameshafika mlangoni mwa pikapu, ameushika mkono wa Yudita kwa mikono yake miwili.

"Amahoro, mama mupishi! Karibu sana. Sifa zako tumezisikia mpaka tumechoka."

Yudita alimtazama Kadidja juu ya bega la mzee, akimwomba kwa macho amwokoe. Neno moja tu la Kadidja lingetosha. Na jambo hilo lilimchoma, tusidanganyane. Jina lile alilitolea jasho. Akajitwika kikapu chake cha vitunguu, akawasogelea.

"Mama mupishi," akamwambia Yudita, mbele ya watu wote, "moto tuwashe wapi?"