Lori Linalounguruma Mdomoni mwa Njia Yetu

Msije mkasema mama huyu kazeeka, anaota. Usiku huo sikuwa nimeonja hata mbege, pombe yetu ya ndizi, na akili zangu nilikuwa nazo zote. Ninalosimulia limenikuta mimi mwenyewe, nimeliona kwa macho haya na kulisikia kwa masikio haya, ambayo hayajapata utulivu mpaka leo. Asiyetaka kuamini aache, ila asinicheke.

Nyumba yangu iko chini kabisa ya Kirua Vunjo, huku Kilimanjaro, pale migomba inapokaribia kuisha na barabara kuu ya kwenda Himo inasikika. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni njia moja tu ya gari. Upande huu kuna ukingo wa udongo, upande ule mfereji wa kumwagilia. Ukiweka kitu mdomoni mwa njia ile, umetufungia sisi wote wa juu kama kuku bandani.

Zamani madereva walikuwa na adabu. Nawajua, nilikuwa nawauzia mtori, ile supu ya ndizi, na chai pale barabarani. Mtu akitaka kulala anaegesha, anashuka, anaita, "Shikamoo mama, hapa nimeziba mtu?" Ukimwambia asogee mbele kidogo, anasogea. Anaweka jiwe kwenye tairi, anazima injini, watu wanalala. Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia kila mtu afanye biashara atakayo. Kila aliyepata vijisenti akanunua lori, na kila lori likapata mtu wa kulishikia usukani, hata kama jana alikuwa anachunga mbuzi. Wakaja wa kuegesha popote. Wengine hata injini hawazimi, eti betri mbovu, wakizima haliwaki mpaka lisukumwe. Ukisema unajibiwa, "Mama, barabara ni ya serikali." Haya. Na mwanangu naye alikuwa wa serikali?

Yasinta alikuwa binti yangu wa pekee. Alirudi nyumbani nimuuguze uzazi wake wa kwanza, kama ilivyo kawaida yetu. Uchungu ulimshika usiku, na badala ya mtoto ikaanza kutoka damu. Nilimkimbilia jirani yangu, Mzee Prisko, aliyekuwa na pikapu ya kupelekea ndizi sokoni. Hakuuliza hata swali. Tukamlaza Yasinta nyuma juu ya godoro, nikampakata kichwa, tukashuka kwenda Moshi hospitali.

Mdomoni mwa njia lilikuwepo lori. Limelala kwa upana, limeziba kote, injini inaunguruma. Nyuma, chini ya turubai, ubao wake umeandikwa kwa rangi nyekundu TUTAFIKA TU.

Mzee Prisko alipiga honi mpaka ikakaribia kukauka. Akashuka akagonga mlango wa lori kwa ngumi, mimi nikagonga kwa jiwe. Dereva yumo ndani, tunamwona kwenye mwanga wa kurunzi, amejifunika shuka usoni, vioo vimepandishwa. Tulipiga kelele mpaka sauti zikatukauka. Mngurumo ule ulizimeza zote. Niambie wewe, mtu atasikia nini na mashine inamngurumia chini ya makalio?

Kioo hatukuweza kukifikia vizuri, lori lile lilikuwa refu. Tukamshusha Yasinta, tukamvusha mfereji mikononi, maji hadi magotini, tukamlaza kando ya barabara. Mzee Prisko akasimama katikati ya lami akipunga kurunzi. Yalipita magari, hayakusimama. Lililosimama lilikuta Yasinta ameshanyamaza. Aliondoka na mtoto wake tumboni, mbele ya maandishi yale mekundu.

Tulimrudisha nyumbani. Wakati tunalia ndani, bwana yule aliamka zake, akaenda zake. Kulipopambazuka tulikuta doa la oili na jiwe lake la kuzuia tairi. Hakujua kama ameua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mahali fulani alikunywa chai asubuhi ile, akacheka na wenzake.

Mwaka haujaisha nikasikia madereva wakizungumza mezani kwangu. TUTAFIKA TU limetumbukia korongoni mbele ya Same, dereva wake hakutoka. Mtu wa Tanga, wakasema, kijana mpole. Mpole! Niliwaongezea mtori nikaenda kusimama nyuma ya jiko. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Usiku mmoja baada ya hapo nilisikia mngurumo mdomoni mwa njia. Tangu msiba ule nilikuwa simvumilii mtu kuegesha pale, nilikuwa nawatoa kwa matusi. Nikachukua kurunzi na panga, nikashuka nimevimba kwa hasira. Nilipomulika, panga liliniponyoka. Turubai ni lile lile, ubao ni ule ule, maandishi ni yale yale. Na mbele ya tairi, kando ya jiwe lake ambalo sikuwahi kuliondoa, amesimama kijana mwembamba, mavumbi mekundu yamemjaa hadi kope.

"Shikamoo mama," akasema.

Niamini, mdomo wangu ulijibu marahaba kabla sijajua unafanya nini. Ndivyo tulivyolelewa.

"Hapa nimeziba mtu?" akauliza, kwa lafudhi ya Tanga, kama wale madereva walivyosema ni mtu wa huko.

"Umemziba mwanangu," nikamwambia. "Umemziba na mjukuu wangu."

"Najua, mama. Nimemkuta huko. Ndiye amenituma nikuletee hili. Amesema ukilipokea, nitaweza kusogeza."

Akanyoosha mikono yote miwili. Alikuwa ameshika jani la sale, limefungwa fundo.

Kama hukuzaliwa mlimani, ngoja nikueleze. Kwetu aliyekukosea akikujia na sale, yamekwisha. Hata awe amemwaga damu. Ukilikataa, ubaya unakugeukia wewe. Sikuwahi kumwona mtu amelikataa, na mama yangu hakuwahi kumwona. Mtu wa Tanga hawezi kuyajua hayo, lazima amefundishwa. Na fundo lenyewe lilikuwa limepindwa kinyume. Yasinta alikuwa wa mkono wa kushoto, kila kitu alikifunga hivyo, hata furushi la majani ya ng'ombe, nami nilikuwa namgombeza kila siku.

Kwa hiyo nilijua. Mwanangu amemsamehe, amelifunga jani kwa mkono wake, amenitumia. Mkono wangu ulinyanyuka, sitaficha. Halafu nikausikia ule mngurumo. Lile dude lilikuwa bado linaunguruma! Amekufa, amekuja kuomba msamaha, na bado hajazima injini. Nikamkumbuka Yasinta akiniuliza kwenye pikapu, "Mama, mbona hatuendi?"

"Kaa hapo hapo," nikamwambia.

"Mama?"

"Hapo hapo ulipo. Uungurume mpaka mwisho wa dunia."

Hakubisha, hakulia. "Haya, mama," akasema, kwa heshima kabisa. Akaliweka jani juu ya jiwe, akapanda, akafunga mlango, akapandisha kioo. Kurunzi yangu ikazimika. Nilipoitikisa ikawaka, palikuwa na giza tupu na jani lile juu ya jiwe. Nililitupa majini, mfereji ukalichukua.

Na kweli amekaa. Tangu usiku ule hakuna gari linalopita mdomoni mwa njia yetu. Likifika pale linazima lenyewe. Mafundi wamekuja, padri amekuja na maji ya baraka, gari lake nalo likazima, akapanda kwa miguu amekunja kanzu. Kahawa tunaiteremsha kichwani. Mwanangu wa kiume, Valeri, anakaa Soweto ya pale Moshi mjini, ana gari, analiacha ng'ambo ya lami kama mgeni. Mke wake hataki tena kuwaleta watoto. Mzee Prisko alipopooza tulimbeba kwa kitanda, tukamvusha mfereji mle mle tulimomvusha Yasinta. Hakufika hospitali. Wanawe hawanisalimii, kwa sababu nilishawasimulia haya ninayokusimulia wewe. Sasa na mimi nina moyo unaokimbia na miguu inayovimba. Daktari ameniambia nikizidiwa nisikawie njiani. Nilitaka kucheka.

Utaniuliza kama nimemsamehe. Sijui. Nataka njia, hilo najua. Ndipo nikakata sale kwenye ua wangu, nikalifunga fundo, nikalipinda kinyume kama la mwanangu, nikashuka nalo usiku. Huoni kitu pale, lakini ukinyoosha mkono unakutana na chuma, baridi, kinatetemeka. Nikaita, "Kijana, nimepokea! Sogeza!" Nikaokota jiwe lake mwenyewe nikagonga. Nikagonga kama nilivyogonga usiku ule, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Kimya. Kimya cha mtu, nasema, maana mashine haikunyamaza. Yumo ndani, kioo kimefungwa, injini inaunguruma, nami ndiye niliyemwambia iungurume. Atanisikiaje?

Wewe dereva unayesikia haya, ukichoka lala, hakuna anayekukataza. Ila shuka kwanza uulize kama umeziba mtu. Zima injini, hata kama kesho utasukuma. Na wewe uliyekosewa, akikujia na sale, lipokee akiwa bado amesimama nje, kabla hajapanda na kufunga kioo. Mimi nashuka kila nikipata nguvu, na bado nagonga.