Nilivyomjibia Nekesa

Tangu tulipochomewa nyumba kule Burnt Forest wakati wa ghasia za uchaguzi, tukakimbilia kambi ya wakimbizi, mgeni akija na maswali, mimi ndiye hujibu. Dada yangu Nekesa ana usonji. Hukawia kujibu, na kambini aliyekawia alikosa blanketi.

Juzi nilirudi Kimumu, tunakoishi sasa, kutoka kuzurura kwangu, nikakuta mtafiti akimuuliza Nekesa angependa watu wenye usonji wahojiwe vipi. Nikadakia kama kawaida. Nilieleza moto, baridi na njaa, nikaongeza hata ng'ombe ambaye hatukuwahi kuwa naye. Nililia vizuri mpaka mtafiti akanipa kitambaa.

"Pole, kaka. Lakini nilimuuliza yeye."

"Huyu haongei na wageni, madam. Niulize mimi."

Mtafiti hakuniuliza. Alikaa tu, akingoja. Nekesa alitazama dirisha, akisugua meza kwa kidole. Mimi nilikuwa natokwa jasho kwa kunyamaza.

"Hivi," Nekesa akasema mwishowe. "Wangoje hivi. Kila mara nikipata neno, wageni wameshaenda." Kisha akanigeukia. "Ulinisaidia kambini, Wafula. Lakini hapa si kambini. Toka nje kidogo, bado naongea."