Nilimfukuza mpangaji kwa harufu ya bangi, kumbe mti nilikuwa naumwagilia mwenyewe

Wakuu shikamooni, na wajukuu zangu mliomo humu, marahaba. Mimi bibi wa Kigoma, niko Joburg, Bellevue. Shule niliishia la tatu, naandika kwa kidole kimoja. Ninachosema kimenitokea, sina sababu ya kudanganya.

Nauza viungo sokoni, mtaa wa Yeoville. Karafuu ya zamani na mpya naitenga nimefumba macho. Kwa hiyo pua yangu naiamini kuliko miwani.

Nyumba yetu tumepangisha vyumba. Cha nyuma anakaa Furaha, binti wa Bukavu, msusi, anaimba kwaya kanisani kwetu.

Joto lilipoanza, nikaanza kusikia harufu dirishani kwake. Ndimu. Pilipili manga. Na chini yake kile kikali ninachokijua kwa vijana wanaovuta pale kona.

Nikasema, huyu anavuta, halafu anapuliza ndimu kuficha!

Sikumuuliza. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilimpeleka moja kwa moja kwenye kikao cha wamama wa kanisa. Nikasimama nikamsema mbele ya watu. Akalia, akasema, "Maman, nuseni nywele zangu, nuseni nguo." Hakuna aliyenusa. Kwaya akasimamishwa. Nikampa mpaka Jumamosi awe amehama chumba.

Jumamosi anafunga mizigo, akaniita uani.

"Maman, kuya hapa. Kabla sijaenda, nusa hii."

Nyuma ya bafu, karibu na dirisha lake, kuna ndoo ya mume wangu, ina mti. Mzee alikuwa mlinzi wa geti mtaa wa Observatory, magoti yamekufa. Alisema ni dawa ya magoti. Nami kila asubuhi, kabla joto halijatoa harufu, naumwagilia, hata maji ya kuoshea mchele naupa.

Bangi mimi naijua kwa moshi, wakuu. Mti wake sikuwahi kuuona.

Furaha akachuma kiua, akakisugua vidoleni, akaniwekea puani.

Ndimu. Pilipili manga. Na kile kikali. Vyote kwenye kidole kimoja!

Eish. Nilikaa chini kwenye sementi.

Binti huwa anachanganya mafuta ya nywele, mambo ya harufu anayajua. Akanieleza kuwa ua lile lina mafuta yanaitwa terpenes. Ya ndimu ndiyo hayohayo ya ganda la ndimu, ya pilipili ndiyo hayohayo yaliyo kwenye pilipili manga ninayouza sokoni. Hakuna aliyepuliza kitu.

Mzee alikuwa mlangoni anatutazama, nikamgeukia. "Wewe! Bangi nyumbani kwangu?"

"Nilikwambia dawa."

"Hukusema dawa gani!"

"Hukuuliza. Na sheria ya hapa inamruhusu mtu mzima kupanda kwake. Tena wewe ndiye mkulima."

Sikucheka. Mpaka leo sijacheka.

Jumapili nilisimama kwenye kikao kilekile, mbele ya wamama walewale, nikasema nimemsingizia mtoto wa watu, na mti ni wa nyumbani kwangu. Kuna waliofunika midomo kwa vitenge, nawajua.

Furaha amerudi kwaya, na mizigo ameifungua. Alinishika mkono akasema, "Pua yako haikukosea, maman. Ilikosea mlango."

Nilichojifunza: ukisikia harufu, ifuate mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Na mtu akisema ninuse, mnuse.

Ndoo bado iko pale. Magoti ya mzee anasema yana nafuu, mimi mti siumwagilii tena. Ningekuwa mimi ni bibi yenu, mngenishauri mti niung'oe au niuache? Semeni, ila kwa adabu.