Baiskeli bila gia na mlima wa Kabeza

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kuna kijana humu aliuliza anunue baiskeli gani ya kwendea kazini, ya gia au single speed. Mmemjibu vizuri mambo ya cheni na matairi. Jibu langu mimi ni refu kidogo, na ni kitu nilichokiishi mwenyewe hapa Kigali, sijaongeza chumvi. Kiswahili changu ni cha huku huku, mtanivumilia.

Mwaka 1992 nilikuwa karani wa stoo ya mizigo pale uwanja wa ndege, Kanombe. Nyumbani ni bondeni, chini ya Kabeza.

Nikapata hela ya baiskeli. Moyo wangu ulikuwa kwa moja nyekundu, matairi membamba, ya gia. Mke wangu Konsolata akakataa katakata.

"Vita imefunga njia. Gia zikiharibika, spea utatoa wapi, Papa Alina?"

Basi nikachukua nyingine, matairi membamba hivyo hivyo, gia moja tu. Nilinuna wiki nzima, siwafichi.

Shida ilikuwa ule mlima. Kila asubuhi nashuka kwenye baiskeli, naisukuma kupanda. Visenti, mwenzangu wa kazini, alikuwa na ya gia. Ananipita anacheka: "Wewe ulinunua baiskeli au mbuzi?"

Hapo mlimani ndipo nilipomjua Mama Feli. Mjane, muuza maziwa, nyumba yake juu kabisa, mwanae askari wa serikali pale kambi ya Kanombe. Alikuwa akifuata maziwa bondeni na kupanda nayo kichwani. Nikamwambia, mama, weka bidoni yako ya maziwa kwenye keria.

Tukawa tunapanda wote, pole pole, tukipiga stori za watoto na za mgongo wake. Kabila hakuwahi kuniuliza. Miaka ile kitambulisho kiliitaja, na changu kilisema Mtutsi.

Ikaja Aprili 1994, Watutsi wakaanza kuuawa.

Alfajiri tulitoka, mimi, Konsolata, na mtoto wetu mdogo Alina juu ya keria. Sikujua pa kwenda. Miguu ikafuata njia iliyoizoea.

Mama Feli alifungua mlango. Akatuingiza kwenye kibanda cha kuni nyuma ya jiko. Kisha akaitazama baiskeli.

"Hii iko inajulikana kuliko sura yako."

Kweli kabisa. Mlima mzima ulinijua kwa kuisukuma. Akaikokota mwenyewe mpaka chooni, akang'oa mbao, akaitumbukiza shimoni.

Jioni wauaji wakaja. Tuliwasikia kupitia ukuta wa udongo. Konsolata alikuwa amemziba Alina mdomo, na mimi nimezishikilia kuni zisigongane.

"Yule wa kusukuma baiskeli iko wapi?"

"Amekwenda zake. Mnaiona baiskeli yake hapa?"

Wakaizunguka nyumba wakiitafuta. Hawakuiona, na mlango wa mama wa askari hawakuthubutu kuuvunja. Wakaondoka. Alitulisha mle kibandani mpaka mapigano yalipoisha upande wetu na wauaji wakakimbia.

Visenti aliuawa kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, siku zile za mwanzo. Sisemi gia ndizo zilizomuua. Waliomuua ni watu, na baadhi niliwafahamu. Ila mlima ule aliupanda kila siku, na hakuwa na mlango hata mmoja wa kubisha. Kila nikikumbuka naumia.

Kwa hiyo kijana, nunua unayoiweza. Lakini mahali inapokushusha, ongea na watu unaowakuta hapo.

Mama Feli tumeshamzika. Alina ni mtu mzima sasa, ana baiskeli ya gia nyingi, mlima ule kwake si kitu. Lakini akiikaribia ile nyumba anashuka, anasukuma mpaka aipite. Sikumfundisha mimi.

Wakuu, kama nawe una Mama Feli wako, mtaje hapo chini tumjue.