Mikono Mitupu ya Pius

Murusagamba mtu hatembei hivi hivi. Ukikutana naye njiani ana jembe begani, au mkungu wa ndizi kichwani, au anaswaga mbuzi asiyetaka kwenda. Hata mzee aliyekwisha kupumzika shughuli zote hubeba panga kwapani, ili mradi aonekane kuna jambo analolifuata. Anayetembea mchana kweupe mikono mitupu, na shati limepigwa pasi, ni mmoja wa watu wawili: ofisa aliyeharibikiwa pikipiki, au mwanamume anayetafuta mke. Pius hakuwa ofisa.

Alikuwa mkulima, tukilitumia neno hilo kwa ukarimu. Migomba aliyoachiwa na marehemu baba yake ilizaa kwa huruma yake yenyewe, na maharage yake yalipaliliwa na mama yake, Ernesta, ambaye alikuwa akipalilia huku akimsema. Kazi ya Pius, ile ambayo mwenyewe aliiita kazi, ilikuwa kuandika mchezo wa kuigiza uliorushwa kila Jumapili mchana na redio moja ndogo ya wilayani. Mchezo ulikuwa wa mume na mke wagomvi, na watu waliupenda kweli. Baada ya misa ungesikia vijana wakirudishiana maneno yake njiani.

Ili aandike, ilimbidi azurure. Akikaa mezani na kalamu, wahusika wake walizungumza utadhani wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Lakini akitoka akashuka bondeni bila kujua anakwenda wapi, akasimama kumtazama mama mmoja akimnyima jirani yake kaa la moto kwa maneno matamu kuliko ya mtu anayetoa, hapo kichwa kilifunguka. Alirudi nyumbani jua linapoinama, viatu vyekundu kwa vumbi, amejaa furaha isiyopikika wala kulika.

"Natembea nipate mawazo, mama," alieleza.

"Mawazo?" Ernesta aliweka jembe chini. "Mimi ninayo tele, njoo nikugawie. La kwanza ni umri wako."

Katika kuzurura huko ndiko alikoigundua nyumba ya Mzee Sindayigaya, iliyokuwa nyuma ya ua wa minyaa, kando ya njia ya kwenda mpakani. Mzee na mkewe, Bonifasia, walikuwa wakigombana kila siku alasiri, baada ya kutoka shamba na kabla ya chakula, na waligombana vizuri mno. Hakukuwa na matusi wala mkono kuinuliwa. Yalikuwa maneno tu, lakini maneno yaliyonolewa kwa miaka mingi ya ndoa ya kanisani.

"Wewe ulioa mke au ulioa chungu?" Bonifasia aliuliza siku ya kwanza Pius alipopita. "Maana humu ndani kinachoulizwa ni chakula tu."

"Ningeoa chungu," mzee akajibu taratibu, "kingenyamaza kikishateremshwa motoni."

Pius aliinama pale pale kufunga kamba za viatu. Tangu siku hiyo kamba zake zikawa zinafunguka kila afikapo penye minyaa ile. Akigundulika, aliinuka na kuamkia, "Shikamoo baba, shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akaendelea na safari yake isiyo na mwisho. Jumapili redio ilipofunguliwa, Mzee Sindayigaya na mkewe waliusikiliza mchezo kama watu wengine na kuwacheka wale wagomvi wasio na haya.

Sasa, Pius aliyejua kutazama kila kitu hakutazama jambo moja dogo. Nyumba ile ilikuwa na binti, Irakoze, fundi cherehani, ambaye kwa hesabu za kijiji alikuwa amechelewa. Na mwanamume aliyechelewa vilevile, shati safi, mikono mitupu, alikuwa akipita hapo kila alasiri na kuinama nje ya ua. Wazee wa kule hawahitaji kuandikiwa barua. Bonifasia alikaa na mumewe, wakakubaliana, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwamba kijana ni mwoga lakini nia anayo, na kwamba asije akaikimbia nyumba kwa sababu ya kelele.

Alasiri iliyofuata Pius alikuta uani kumefagiwa mpaka nje njiani. Mzee alikuwa amevaa koti.

"Baba Irakoze, nikuongezee chai?" Bonifasia aliuliza kwa sauti ya mtu anayeimba kwaya.

"Ahsante, mke wangu. Umenitosheleza."

Pius alihisi moyo unamshuka mpaka kwenye zile kamba za viatu. Alidhani ni jambo la siku moja, labda wameungama. Kesho yake wakashukuriana tena. Wiki ikapita kwa kushukuriana. Mchezo wa Jumapili ukatoka laini, wa Jumapili iliyofuata ukatoka laini zaidi, na msimamizi wa vipindi akampigia simu kutoka Ngara mjini.

"Pius, wahusika wako wameokoka?"

"Wamepumzika kidogo, mkuu."

"Basi ukileta mwingine wa namna hii wapumzike moja kwa moja. Muda huo nitaweka salamu za wasikilizaji."

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Pius, mchezo ule ndio uliokuwa jibu lake kwa kila aliyemuuliza anafanya nini duniani. Usipokuwepo, yeye ni mtu anayetembea tu. Kwa hiyo akafanya alichokuwa anakijua: akazidi kupita. Alipita asubuhi, akapita alasiri, akawa anachungulia kwa matumaini kama kuna hata kasauti ka ugomvi. Mzee Sindayigaya alipomwona anavyohangaika, akamhurumia, na kila akimhurumia alizidi kumpenda mkewe hadharani.

Habari zikamfikia Ernesta kwenye sala za jumuiya. Hakumuuliza mwanawe hata neno moja, maana aliogopa akimuuliza atakanusha. Alimwendea shemeji yake, Nyandwi, mdogo wa marehemu, mtu mwenye ulimi wa ushenga na mkono wa kulia uliokakamaa tangu alipoanguka kutoka juu ya mti. Nyandwi akachukua dumu la pombe ya ndizi, akaenda kubisha hodi kwa Sindayigaya. Dumu lilipokelewa, na lilipokelewa na watu wenye kiu. Pombe ya hodi ikishanywewa, mambo yamekwisha kuanza, na Jumamosi ikapangwa kijana aletwe.

Pius aliambiwa Alhamisi.

"Lakini baba mdogo, mimi sikumtuma mtu!"

"Miguu yako ilitutuma," Nyandwi alisema. "Umemaliza soli za viatu kwenye ua wa watu. Ulifikiri Murusagamba nzima ni vipofu?"

Akaona afadhali aende sokoni akamweleze binti mwenyewe, kisha akaungame kwa wazee. Alimkuta Irakoze amekalia cherehani, anashona sare za shule, na miguu yake haikuacha kukanyaga.

"Dada Irakoze, kumetokea kosa."

"Najua. Keti, unanizibia mwanga."

"Mimi pale kwenu sikuwa nimekuja kwa ajili ya…"

"Ulikuwa unawasikiliza wazazi wangu wakigombana." Alikata uzi kwa meno. "Redio hata mimi ninayo, kaka Pius. Siku ya maneno ya chungu, mama alicheka mpaka akatokwa machozi. Akasema yule mwanamke hana adabu, ila ana akili."

Pius alikohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Na yule binti wa kwenye mchezo," Irakoze akaendelea, "yule anayepita kila mara akisema 'chai tayari,' halafu anapotea, ndiye mimi?"

"Yule ni… mhusika mdogo."

"Kola ya shati ulilovaa ilikuwa imechakaa. Nani aliigeuza?"

Pius aliishika kola.

"Mimi. Uliniletea mwenyewe, ukakaa hapo hapo ulipokaa, ukangoja mpaka nikamaliza. Muda wote ulikuwa unawatazama wauza dagaa walio nyuma yangu wakitukanana."

Kama kuna aibu ambayo mwandishi haifahamu mpaka impate, ni ile. Pius alisema kwa unyonge kwamba atakwenda Jumamosi kueleza ukweli wote mbele ya wazee.

"Hapana," Irakoze alisema, na sasa cherehani ilisimama. "Ukiwaambia ulikuwa unawasikiliza, mama hatafungua tena mdomo maisha yake yote. Na wale wasipogombana watakufa. Baba amekonda kwa adabu, humwoni? Jana wamepishana mlangoni, 'tangulia wewe, tangulia wewe,' mpaka ugali ukapoa. Wewe utakuja, utasema ulinifuata mimi. Nikiulizwa, nitakukataa. Aibu yako itakuwa ya siku chache. Ya mama ingekaa."

"Utasema unanikatalia nini?"

"Usijali. Sababu sitakosa."

Jumamosi Pius akakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa vipya. Nyandwi alizungumza vizuri, akaanzia mbali, akasema wamesikia nyumba hii ina mbegu njema. Mzee Sindayigaya akaitikia kila sentensi. Bonifasia alimwita mumewe "mheshimiwa." Kwa kuwa hakukuwa na ugomvi wa kusikiliza, na hakutakiwa kusema neno, Pius hakuwa na la kufanya ila kumtazama mtu aliyekuwa akiandaa chai.

Akaona alama ya kuungua kwa pasi kwenye kiganja chake. Akaona anavyobana midomo anapotaka kucheka, kila baba yake akisema "mke wangu." Kisha akaona jambo ambalo hakuna mtu mwingine chumbani aliyeliona. Irakoze aliweka vikombe vyote mshikio ukiangalia mkono wa kulia, lakini cha Nyandwi alikigeuza, mshikio ukawa kushoto. Hakuna aliyemwambia habari za ule mkono. Pius, aliyekula sahani moja na baba yake mdogo tangu utotoni, hakuwa amewahi kumgeuzia kikombe hata siku moja.

Akatamani kumwita pembeni. Akatamani kumwambia kwamba yale makubaliano ya sokoni yangojee kidogo. Lakini mzee alikuwa tayari amemgeukia binti yake.

"Mwanangu, umewasikia wageni. Unasemaje?"

"Nawashukuru wazee wangu," Irakoze alisema. "Simtaki. Ni mtu mwema, hana ubaya. Lakini anatazama watu wa mbali mpaka aliye mbele yake hamwoni. Nikiumwa, atakuja kuzisikia habari zangu kwa jirani."

Yalikuwa ndiyo waliyokubaliana, na Pius aliumia vibaya sana.

Ndipo adabu ya wiki nyingi ilipopasuka. Mzee Sindayigaya alivua koti. Akasema huo ni mdomo wa Bonifasia, umerithiwa mzima mzima. Bonifasia akasimama, akamwuliza ni nani aliyemkagua mkwe viatu alipoingia, na kutoka hapo wakaenda mbali, wakarudi hadi mwaka wa harusi yao, wakamchukua na mbuzi aliyekufa, wakampitia na padre aliyewafungisha. Majirani walijaa kwenye ua. Nyandwi alikuwa akijifuta machozi ya kicheko kwa mkono wake mzima. Wanaosimulia wanasema haujapata kutokea ugomvi mtamu kama ule, na kwamba ungetosha kujaza redio mpaka Pasaka.

Irakoze alikuwa akikusanya vikombe. Alipofika kwa Pius, akakuta chai imejaa, imepoa.

"Hukunywa?"

"Nilikuwa natazama," Pius alisema.

Irakoze akabana midomo, akachukua kikombe, akaenda nacho jikoni, na macho ya Pius yakaenda naye. Mzee alisema nini pale, na mkewe akamjibu nini, waulizwe majirani. Mwandishi alikuwepo, amekaa katikati yao, na hakusikia hata neno moja.